Hisa, ghala la pamoja au AMCOS: kikundi kipi kitaacha mahindi ndani mwezi wa Februari?

Ukitaka kujua kama kikundi cha wakulima kinasaidia chakula, usiulize Julai. Julai kila nyumba ina mahindi. Uliza Februari, palizi inapodai nguvu na debe la mwisho limeshakung'utwa. Katika maeneo ya msimu mmoja wa mvua, kuanzia Dodoma na Singida hadi Iringa, Njombe na Songea, mavuno ni Mei hadi Julai, na miezi ya kubana tumbo ni Desemba hadi Machi. Ulinganisho huu unapima kila aina ya kikundi kwa kipimo hicho. Idadi ya wanachama, picha na mkuu wa wilaya na jina zuri la kikundi hazihesabiwi.

Bei zilizotumika humu ni za mfano tu, ili hesabu ionekane: kilo ya mahindi sh 450 mwezi Juni, sh 750 Novemba, sh 900 Februari. Weka bei za gulio lenu. Tofauti kati ya Juni na Februari ndiyo ya kuangalia.

Kwanza tafuta magunia yanakopotelea

Chukua familia ya watu sita wanaokula dona, kilo mbili na nusu kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 75, kwa mwaka kilo 900, yaani magunia tisa ya kilo 100. (Wanaokoboa na kula sembe waongeze, maana pumba zinaondoka na sehemu ya gunia.) Familia hii imelima eka mbili ikavuna magunia kumi. Kwa hesabu ya karatasi imeshiba na gunia moja limebaki.

Sasa fuata magunia yenyewe. Juni wanauza matatu kulipa deni la mbolea, michango na mahitaji ya shule: sh 135,000. Kuanzia Septemba dumuzi, mdudu mharibifu wa ghalani, anaingia, na hadi anagunduliwa ameshakula gunia moja zima ukijumlisha unga unaopepetwa. Yamebaki sita. Gawa kwa kilo 75: miezi minane. Waliovuna Juni, mwisho wa Januari wanafagia sakafu ya ghala.

Nyumba hii haikukosa mvua wala mbegu. Njaa yake iko kwenye magunia manne: matatu yaliyouzwa wakati wa bei ya kutupa na moja la dumuzi. Ndiyo maana swali la "kikundi kipi ni bora" halijibiki likiulizwa hivyo. Kila aina ya kikundi inaokoa gunia lake. Kikundi cha hisa kinagusa yale matatu, ghala linagusa lile moja na wakati mwingine yote manne, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kuuza mazao, inaingiza fedha ya zao lingine ili mahindi yasiguswe. Vikundi vya kazi vinagusa idadi ya magunia yanayotoka shambani.

Kikundi cha hisa

Mfumo huu wa kuweka akiba na kukopeshana ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, ukiwa na wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, na leo ni vigumu kukuta kijiji cha Tanzania kisicho nao. Watu 15 hadi 30, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Kila kikao mtu ananunua hisa moja hadi tano. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako. Mfuko wa jamii unakaa mbali na hisa, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili sanduku linavunjwa na watu wanagawana. VICOBA, yaani benki za jamii za vijijini, ni ndugu yake, na vyote tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vinatakiwa kusajiliwa. Mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Faida yake kwa chakula ni moja kubwa: inakuwezesha kulipa deni la Juni bila kuuza mahindi ya Juni. Lakini riba ndiyo inayoamua kama faida hiyo ipo au ni ndoto. Ile familia yetu ikope sh 135,000 Juni na kulipa Novemba, miezi mitano. Kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi italipa sh 168,750. Kwa bei ya Novemba hizo ni kilo 225. Badala ya kilo 300 zimetoka 225. Kilo 75 zimebaki ndani, chakula cha mwezi mzima. Kwa riba ya asilimia 10, ambayo vikundi vingi huiweka bila kufikiri kwa sababu "inakuza mfuko", italipa sh 202,500, sawa na kilo 270. Zimeokoka kilo 30, chini ya wiki mbili za ugali.

Mkopo wa Februari ni mbaya zaidi. Mwishoni mwa mwezi mama anakopa sh 90,000 kununua gunia la kula. Miezi mitatu kwa asilimia 10 anadaiwa sh 117,000, na fedha pekee anayoweza kuipata Juni ni ya mahindi mapya kwa sh 450. Atauza kilo 260. Alikula kilo 100, amerudisha 260. Kikundi kitavunjwa kwa shangwe, kila mtu atasema hisa zimezaa, na sehemu nzuri ya hicho kilichozaa ni ugali wa wanachama wake maskini. Hapo kikundi kimehamisha chakula kutoka nyumba moja kwenda nyingine ndani ya kijiji kilekile.

Marekebisho yanayofanya kazi si magumu, lakini lazima yaandikwe kwenye katiba kabla mzunguko haujaanza:

Vunjeni katikati ya Novemba, msisubiri Desemba. Novemba fedha inaangukia kwenye mbegu, mbolea ya kupandia na gunia la nyongeza kabla bei haijafika kileleni. Desemba inaangukia kwenye sikukuu. Isitoshe, waliokopa Juni wanakuwa wamelipa kwa mahindi ya Oktoba na Novemba, si ya Juni.

Msimalize sanduku. Kasoro ya kuvunja mwishoni mwa mwaka ni kwamba Januari na Februari, miezi ya shida, sanduku ni jipya na tupu. Kila mwanachama aache hisa tano kama mbegu ya mzunguko unaofuata, na mfuko wa jamii usiguswe kabisa.

Mkopo wa chakula uwe na riba yake, asilimia 2 au 3, na kikomo kidogo, tuseme thamani ya gunia moja kwa nyumba. Mkopo wa biashara ubaki na riba ya kawaida.

Bei ya hisa ipangwe kwa kuangalia mwanachama maskini mwezi wa Februari. Hisa ya sh 5,000 inamfaa mwalimu na mwenye duka. Mkulima wa eka mbili ataitafuta kwa kuuza debe, na hapo akiba inakula chakula. Hisa ya sh 1,000, na ruhusa ya kununua moja tu au kutonunua kabisa Januari hadi Machi bila faini, inatosha.

Ghala la pamoja na benki ya nafaka

Watu huchanganya vitu viwili hapa, na mchanganyiko huo umeua vikundi vingi. Cha kwanza ni hifadhi: kila mtu analeta magunia yake, yana alama yake, anachukua yaleyale. Cha pili ni benki ya nafaka: kila mtu anachangia, mahindi yanakuwa ya kikundi, na wanachama wanakopeshwa wakati wa njaa na kurudisha wakati wa mavuno. Cha kwanza kinahitaji kufuli na daftari. Cha pili kinahitaji yote hayo pamoja na uwezo wa kumdai jirani yako mahindi.

Tuanze na hifadhi, kwa kuwa kazi ya mkono ni ileile kwa zote mbili.

Ukavu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Kama hamna kipima unyevu, tumieni chupa ya kioo kavu yenye mfuniko. Jaza mahindi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Isipoganda, yako chini ya asilimia 15. Angalia vizuri hapo: chini ya 15 si sawa na 13. Yaliyofaulu mtihani wa chumvi yarudi juani siku moja au mbili zaidi, juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo.

Sababu ya ukali huo ni sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupika, na hukaa kwenye mahindi yaliyolala na unyevu au yaliyobunguliwa. Mwaka 2016 iliua watu katika vijiji vya Dodoma na Manyara. Kwenye ghala la nyumbani gunia bichi linadhuru nyumba moja. Kwenye benki ya nafaka, ambako mahindi yanachanganywa, gunia moja la mtu mvivu linaingia kwenye sahani za watu 25. Kwa hiyo mpokeaji awe na haki ya kukataa gunia, hata la mwenyekiti, na haki hiyo iandikwe.

Dumuzi. Huyu mdudu mgeni kutoka Mexico na Amerika ya Kati alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akasambaa na mahindi yanayosafirishwa hadi watu wakamwita Skania kwa jina la malori. Anapenda sana mahindi yaliyo kwenye gunzi. Kwa hiyo pukuchua mapema, pepeta, ondoa yaliyotoboka, ndipo uhifadhi. Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka, kwa kipimo cha lebo, ichanganywe kwa koleo juu ya turubai hadi isambae. Kuinyunyizia juu ya gunia ni kujidanganya. Ya pili ni mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu: mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Haihitaji dawa. Jaza, kandamiza hewa yote itoke, sokota shingo ya mfuko wa ndani, ikunje, funga kwa kamba. Kisha wa pili hivyohivyo, kisha kiroba. Kila tabaka kamba yake. Wadudu wanatumia hewa iliyobaki na kufa. Ukifungua kila wiki kuchota, unawapelekea hewa mpya. Mahindi ya kula mwezi huu yakae nje ya mifuko hiyo. Panya anaweza kuutoboa, na dumuzi aliyefungiwa akiwa mwingi anaweza kutoboa mfuko wa ndani, ndiyo maana ya kupepeta kwanza.

Tuchukulie mfuko mmoja ni sh 5,000. Mifuko tisa ni sh 45,000, ambayo ndiyo bei ya gunia moja Juni, na ndilo gunia alilokula dumuzi. Mwaka wa kwanza umerudisha gharama. Mifuko isiyotoboka inatumika tena, kwa hiyo mwaka wa pili gunia ni lako.

Msomaji makini atauliza: kama mifuko inafanya kazi nyumbani, ghala la kikundi la nini? Swali zuri. Ghala la pamoja linayalinda mahindi dhidi ya dumuzi, lakini zaidi linayalinda dhidi ya shemeji, dhidi ya dalali anayepita na mzani wa mkono na noti mpya, na dhidi ya mwenye nyumba mwenyewe siku ya mnada wa ng'ombe. Magunia yaliyo chini ya kufuli la kikundi, yenye sharti kwamba hayatoki kabla ya tarehe 1 Desemba isipokuwa kwa ugonjwa au msiba, yanampa mama sababu ya kusema "hayapo hapa". Kama nyumba yako haina tatizo hilo, nunua mifuko na ubaki na magunia yako chumbani. Utaokoa gharama za mlinzi.

Chumba chenyewe si lazima kiwe kikubwa. Wanachama 25 wenye magunia matatu kila mmoja ni magunia 75, tani saba na nusu. Rundo la mita mbili kwa tatu, kwenda juu kama mita mbili, linatosha. Acha njia ya mita moja kila upande ili kukagua na kuzuia unyevu wa ukuta: chumba cha mita nne kwa tano. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, si sakafuni. Zingatia mzani: debe lililofura la mtu mmoja si debe la mwingine, na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, haliingii kwenye daftari. Kila kitu kwa kilo, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Sasa benki ya nafaka. Kwa karatasi inashinda zote. Unakopa kilo 100 Februari, unarudisha 120 Juni. Linganisha na zile 260 za mkopo wa fedha. Kilo 20 za ziada zinalipia mifuko, mlinzi na upotevu. Lakini historia haiko upande wake. Katika nchi za Sahel, baada ya ukame wa miaka ya 1970, benki za nafaka zilifunguliwa vijijini kwa wingi kwa fedha za wafadhili, na nyingi zilikufa baada ya misimu michache. Zilikufa kwa sababu zilezile zinazoziua hapa.

Ya kwanza: mvua ikikatika, inakatika kwa wote. Kikundi cha hisa kinaweza kumbeba mmoja aliyeshindwa kulipa. Benki ya nafaka katika mwaka mbaya inakuta wakopaji wote hawana cha kurudisha, na mwaka unaofuata ghala ni tupu wakati linapohitajika kuliko wakati wowote. Dawa yake ni kutokopesha yote. Theluthi moja ibaki hadi kamati ione mahindi mapya yamebeba shambani, ndipo itolewe.

Ya pili ni tamaa ya Januari. Bei imepanda, mtu anasimama kikaoni: "Tuuze, tugawane fedha, tutanunua mengine." Hayanunuliwi. Andikeni kwamba nafaka ya benki haiuzwi nje ya kijiji kabla ya Aprili, na hata hapo ni ile tu ambayo hakuna mwanachama aliyeiomba.

Ya tatu ni mahindi ya bure. Akiba ya kwanza ikitoka kwa mfadhili, watu wanakopa kama wanaopokea msaada. Ikitoka kwenye magunia yao, wanadaiana. Anza na debe mbili kwa mwanachama hata kama ni kidogo. Benki ya magunia nane yenye wenyewe inaishi kuliko ya magunia mia moja isiyo na mwenyewe.

AMCOS na stakabadhi ghalani

Hapa tunahama kutoka chakula kwenda fedha. AMCOS ni chama cha msingi cha ushirika, kinachosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na kazi yake kubwa ni kukusanya na kuuza mazao ya wanachama. Mfumo wa stakabadhi ghalani uliwekwa na sheria ya 2005 na kuingia kwenye korosho msimu wa 2007/08. Leo unauza pia ufuta, mbaazi, choroko na dengu katika mikoa kadhaa. Unapeleka zao, linapimwa uzito na ubora, unapewa stakabadhi, mnada unafanyika, fedha inaingia benki baada ya makato ya chama, usafiri, ghala na ushuru.

Kwa mkulima wa Lindi, Mtwara au Ruvuma mwenye ufuta au korosho hii ni njia ya kukwepa kangomba, yaani kuuza kwa bakuli kwa mlanguzi kabla ya msimu. (Ndugu yake wa Kagera, butura, anafanya vilevile kwa kahawa iliyo bado mtini.) Na hapo ndipo AMCOS inapogusa chakula: kangomba hufanyika mtu akitafuta unga. Anayeuza kangomba ameuza zao la miezi ijayo kwa njaa ya leo.

Lakini chama hakikopeshi unga Februari. Ndiyo maana katika vijiji vya korosho AMCOS nzuri bila kikundi cha hisa au ghala pembeni yake huishia kupokea korosho zilizokwisha kuuzwa. Mlanguzi anazipitisha kwa jina la mwanachama.

Angalieni pia tarehe ya fedha. Minada ya ufuta huangukia karibu na katikati ya mwaka, wakati mahindi ni rahisi. Mwenye ufuta akinunua magunia matano Julai na kuyafunga kwenye mifuko, ameshinda mwaka. Fedha ya korosho hufika kuanzia Oktoba na kuendelea, mahindi yameanza kupanda. Kila wiki ya kuchelewa kuyanunua ina bei yake. Na kama malipo yenyewe yanachelewa, ile faida ya mnada inaliwa na mkopo wa duka. Kabla ya kujiunga, usiulize tu bei ya mnada wa mwaka jana. Uliza mambo matatu: makato yalikuwa shilingi ngapi kwa kilo, malipo yalifika baada ya siku ngapi, na mizani ya chama inakaguliwa na nani.

Bei yenyewe nayo haina mwenyewe. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi, bei ilianguka vibaya, na hakuna chama kilichoweza kuizuia. Nyumba iliyokuwa imepunguza eka ya mahindi ili kupanua mbaazi iliumia mara mbili. Kanuni ya kawaida ni nzuri: eka ya chakula kwanza, inayobaki iende sokoni.

Kitu kimoja kinachosahaulika: akaunti ni ya nani? Malipo yanakwenda kwa jina lililosajiliwa, na mara nyingi ni la baba. Palizi ya ufuta ni ya mama, unga wa Februari ni wa mama, fedha ni ya akaunti nyingine. Shamba likigawanywa katika usajili, hata eka moja kwa jina lake, stakabadhi yake inatoka kwa jina lake.

Zamu za kazi na shamba darasa

Kwa ufupi, kwa sababu havihitaji sanduku wala ghala. Wapare wana msaragambo, Wakamba wana mwethya, na karibu kila kabila lina jina lake la kulimiana. Umuhimu wake kwa chakula uko kwenye palizi. Nyumba yenye njaa Januari inakwenda kibarua kwenye shamba la mwenye nacho ili ipate unga, na wakati huo mahindi yake yanazidiwa na majani. Mavuno yanashuka, mwakani kibarua kinaanza mapema zaidi. Watu wanane wakizungukiana kwa siku, kila shamba linapaliliwa kabla ya wiki ya nne. Sharti: zamu ya kwanza wapewe wasio na nguvu za ziada nyumbani, mjane na mwenye mgonjwa, na chakula cha kazi kiwe uji, si pombe, maana mwenye shamba maskini hana mahindi ya kupika pombe Januari.

Shamba darasa, yaani wakulima kujifunza pamoja shambani, ambalo lilianzia mashamba ya mpunga Indonesia mwaka 1989, linafaa pale tatizo ni la shambani kweli. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, waliojifunza kukagua mahindi kila wiki na kupiga dawa kiwavi akiwa mdogo waliokoa mavuno. Waliosubiri hadi kiwavi amezama kwenye moyo wa mmea walipiga dawa bure. Ila ukivuna magunia kumi na mahitaji yako ni tisa, huhitaji darasa. Unahitaji kufuli.

Yote kwa pamoja

| Kikundi | Kinaokoa nini | Cha kuanzia | Kinakufa kwa |
|---|---|---|---|
| Hisa | Mahindi ya kulipia madeni ya Juni | Sanduku, daftari, watu 15–30 | Riba kubwa, kuvunja Desemba |
| Hifadhi ya pamoja | Gunia la dumuzi, mauzo ya haraka | Chumba, mzani, chaga, mifuko | Mahindi mabichi, funguo kwa mtu mmoja |
| Benki ya nafaka | Februari yenyewe | Hayo yote na akiba ya wanachama | Ukame, tamaa ya kuuza |
| AMCOS | Mahindi yasiuzwe, fedha itoke zao lingine | Usajili, zao la biashara | Malipo kuchelewa, kangomba |
| Zamu za kazi | Mavuno ya nyumba dhaifu | Majembe na ratiba | Utoro baada ya shamba lako kulimwa |

Nani achague nini

Mkulima anayevuna zaidi ya mahitaji lakini anaishiwa Januari, kama ile familia ya mfano, aanze na mifuko na kikundi cha hisa kinachovunjwa Novemba. Asianze na benki ya nafaka. Daftari la hisa likienda misimu miwili bila ugomvi, watu haohao wanaweza kufungua ghala, kwa sababu sasa wanajua nani analipa na nani anakimbia kikao. Kurukia ghala kwanza ni kujenga jengo ili mjifunze ndani yake kuaminiana.

Wilaya zinazokaukiwa mara kwa mara, kama sehemu nyingi za Dodoma na Singida, zina sababu ya kuwa na benki ya nafaka, ila isiwe ya mahindi. Mtama na uwele unavumilia jua na mahitaji yake sokoni si makubwa kama ya mahindi, kwa hiyo tamaa ya Januari inapungua.

Mwenye ufuta, korosho au mbaazi ajiunge na AMCOS, lakini awe pia na kikundi kidogo cha hisa cha kununua mahindi kwa pamoja Julai. Watu kumi na watano wakitaka magunia manne kila mmoja ni tani sita. Hizo zinajaza gari dogo la mizigo kutoka Songea na bei yake si ya dukani. Fedha ikusanywe wiki ileile malipo yanapoingia, kabla haijafika kwenye bati na pikipiki.

Anayevuna magunia manne wakati mahitaji ni tisa, hifadhi haitamsaidia. Hana cha kuhifadhi. Huyu anahitaji zamu za palizi, mbegu na mbolea kwa wakati, na kuku au mbuzi wachache wa kugeuza kuwa unga. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba, na hii ndiyo fedha pekee humu inayomfaa mtu wa aina hii bila kumlipisha mahindi yake. Tatizo ni kwamba vikundi vya kijiji humkwepa: haleti hisa nyingi, atachelewesha marejesho. Kama katiba yenu ina kiingilio cha sh 20,000, tayari mmeshamfungia mlango. Shusheni kiwe sh 2,000, aruhusiwe kulipa kwa debe Juni, mpeni zamu ya kwanza ya palizi mwezi wa Januari, na mkopo wake wa kwanza uwe mbolea, si fedha.